Je, Asiyejibu Hajui?

Twataka kuwaletea ninyi wasomaji, na hasa walimu wa vijana wa Kipaimara, swali lililotusumbua muda wa miaka kadhaa, nalo ni hili: Kijana asiyeweza kujibu yale tunayomwuliza, je, twaweza kusema ya kuwa hajui? Na kama hatuwezi kusema hivyo, ni nani aliyeshindwa katika mtihani, yeye au sisi tuliouliza?

Swali hili hatukulitunga mezani. Lilitujia pamoja na mama mmoja wa usharika wetu, aliyefika nyumbani jioni na mwanawe, kijana wa miaka 15. Kijana yule hakutuamkia. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye kabati la vitabu, akaanza kuvipanga kwa urefu wake, kirefu kwanza na kifupi mwisho, wala hakugeuka alipoitwa kwa jina. Mama akatueleza ya kuwa waganga wa hospitali wamemwambia mwanawe ana usonji, na ya kuwa wenzake wote wa rika lake wamekwisha kuandikwa katika darasa la Kipaimara, naye aomba wake aandikwe pia. Tukamwuliza kijana maswali mawili matatu ya Katekisimo Ndogo, kama ilivyo desturi. Hakujibu neno. Basi tukamwambia mama, kwa upole kama tulivyodhani, angoje kwanza hata mtoto apate akili. Mama hakubisha. Alisema, "Asante, Baba Mchungaji," akamshika mwanawe mkono, wakaenda zao. Na vitabu vyetu vikabaki vimepangwa vizuri kuliko vilivyopata kuwa tangu tuvinunue.

Neno lile, "apate akili," lilitoka kinywani mwetu wenyewe. Usiku ule halikutupa usingizi. Tangu siku ile tumetafuta kujua habari za vijana wa namna hii, na jinsi watu wengine walivyojaribu kuwafundisha, nasi twaandika hapa machache tuliyoyaona.

Kwanza juu ya usonji wenyewe, maana wengi wetu hulisikia neno hili bila kujua maana yake. Usonji si ugonjwa wa kuambukizwa, wala si pepo, wala si wazimu. Ni namna ambayo ubongo wa mtu umeumbika tangu tumboni, hata akayapokea mambo ya dunia kwa njia iliyo tofauti na yetu. Mmoja hasemi kabisa. Mwingine husema sana, lakini juu ya jambo moja tu, labda magari moshi au tarehe za kalenda. Sauti tuionayo ya kawaida humwumiza masikio, na nguo tuionayo laini humkera ngozi. Utaratibu wa siku ukivunjwa, hufadhaika kama mtu aliyeondolewa sakafu chini ya miguu. Wengine wana upungufu wa akili pamoja na usonji, na wengine wana akili kutushinda. Shirika la Afya Duniani hukadiria ya kuwa mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 alikuwa na hali hii. Msomaji na ahesabu washarika wake, ajiulize wako wapi.

Mganga wa Urusi, Bibi Grunya Sukhareva, aliandika habari za wavulana 6 wa namna hii mwaka 1926, lakini wachache walimsikiliza. Mwaka 1943 Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika juu ya watoto 11, na mwaka uliofuata Daktari Hans Asperger akaandika kule Vienna. Kwa bahati mbaya Kanner alidokeza ya kuwa wazazi wa watoto wale walikuwa watu wa moyo baridi, na wengine waliomfuata wakalikuza neno hilo, hata kwa miaka mingi kina mama wakaambiwa ya kuwa wao ndio waliowaharibu watoto wao kwa kutowapenda. Mwaka 1964 Bwana Bernard Rimland, mtaalamu wa elimu ya nafsi, naye mwenyewe baba wa mtoto wa namna hii, alitoa kitabu cha kuonyesha ya kuwa sababu yatoka katika maumbile wala si katika malezi, na lawama ile ikaanza kuanguka. Ni ajabu kwamba waganga wakubwa wenye darubini walirudia kosa la wale wanafunzi waliouliza, katika Yohana sura ya 9, ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu. Na sisi huku? Twawasikia watu wakisema ni laana ya ukoo, au mama alifanya hivi na hivi alipokuwa na mimba, au ni sindano za chanjo. Hilo la chanjo lilienezwa na makala ya mwaka 1998 katika gazeti la waganga la Uingereza, nalo gazeti lenyewe likaifuta makala ile mwaka 2010 kwa sababu haikuwa ya kweli. Mama asilaumiwe. Twaomba neno hili lisomwe mbele ya usharika.

Sasa tuje kwenye mafundisho. Yule ambaye watu humtaja sana katika habari hizi ni Daktari Maria Montessori wa Italia, aliyezaliwa mwaka 1870 na kufa mwaka 1952. Wengi wanamjua kwa ajili ya shule za watoto wadogo, na hata kwetu Tanzania masista wa Kanisa Katoliki wamewafundisha walimu kwa njia yake, kama kule Lushoto na Mtwara. Lakini si wengi wajuao ya kuwa njia ile haikuanza na watoto wadogo wenye afya. Ilianza na wale waliokataliwa, na mzizi wake wa kwanza ulikuwa kijana wa makamo ya Kipaimara.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1800, katika nchi ya Aveyron, Ufaransa, alikamatwa mvulana aliyeishi porini peke yake, mwenye miaka ipatayo 12, asiyejua kusema. Walimpeleka Paris, na mganga kijana aitwaye Jean Itard akamchukua kumfundisha, akampa jina la Victor. Wataalamu wenye sifa walisema ya kuwa ni punguani, kazi bure. Itard hakukubali. Akakaa naye karibu miaka mitano, akitengeneza vitu vya kushika kwa mkono, mbao zenye maumbo, herufi za kupanga, ili akili ifikiwe kwa njia ya vidole na macho, kwa kuwa mlango wa masikio ulionekana umefungwa. Victor akajifunza kusoma maneno kadhaa, lakini kusema hakusema. Na ujana ulipompata, fujo za mwili na moyo zikamlemea yeye na mwalimu wake pia, hata Itard akakata tamaa, akaacha. Victor akaishi na yule mama aliyemtunza, Madame Guérin, mpaka alipokufa mwaka 1828. Wako wataalamu wa siku hizi wanaodhani ya kuwa mvulana yule alikuwa na usonji. Hilo haliwezi kupimwa tena.

Lakini kuna jambo moja katika taarifa ya Itard ambalo hatuwezi kulipita. Kazi ya Victor nyumbani ilikuwa kuandaa meza. Mume wa Madame Guérin akafa. Jioni Victor akaandaa meza kama kawaida, akaweka na sahani ya marehemu mahali pake. Mjane alipoiona akalia. Victor akatazama, akaelewa ya kuwa yeye ndiye aliyemliza, akaiondoa sahani ile, akairudisha kabatini kwa huzuni, wala hakuiweka tena. Huyu ndiye aliyesemwa kuwa hana hisia wala fahamu! Hakutoa pole kwa kinywa, kwa kuwa hakuwa na kinywa cha kusema. Alitoa pole kwa sahani.

Mwanafunzi wa Itard, Édouard Séguin, aliyaendeleza mafundisho yale, akavuka bahari kwenda Marekani. Kisha vitabu vyao vikasahauliwa. Miaka ilipita mingi. Montessori, aliyehitimu uganga katika chuo kikuu cha Roma mwaka 1896, alipotembelea nyumba za wenye wazimu aliwakuta watoto wamefungiwa pamoja na watu wazima, katika chumba kitupu kisicho na kitu cha kushika. Husimuliwa ya kuwa mtunzaji alilalamika jinsi watoto wale walivyotambaa sakafuni kuokota makombo ya mkate baada ya kula, naye Montessori akatambua ya kuwa hawakuwa na njaa ya mkate, bali ya kitu chochote cha kufanya kwa mikono. Alivitafuta vitabu vya Itard na Séguin, akavitafsiri na kuvinakili kwa mkono wake mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, ili kila neno limkae. Mwaka 1898 alisimama mbele ya mkutano wa walimu mjini Turin, akanena ya kuwa watoto hawa wahitaji mwalimu zaidi kuliko mganga. Mwaka 1900 ikafunguliwa shule ya namna hiyo mjini Roma, naye akawa mmoja wa wakuu wake. Na baadhi ya wanafunzi walioitwa wapumbavu wakashinda mtihani wa kusoma na kuandika pamoja na watoto wa shule za kawaida. Watu wakastaajabia wanafunzi wake. Yeye akastaajabia jambo jingine: akauliza ni kitu gani kinachowazuia watoto wenye afya, hata walingane na hawa. Ndipo mwaka 1907 akafungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, na sifa yake ikaenea duniani.

Twaona basi ya kuwa mtu anayesema njia ya Montessori ipelekwe kwa vijana wenye usonji hasemi jambo geni. Airudisha ilikotoka.

Njia yenyewe ikoje? Chumba hutengenezwa kabla mtoto hajaingia, kila kitu mahali pake pamoja, leo kama jana. Kwa kijana ambaye mabadiliko humtisha, hilo peke yake ni nusu ya mafundisho. Vitu vya kujifunzia husema vyenyewe kosa liko wapi: kipande kisichoingia katika tundu lake hakihitaji mwalimu wa kukemea. Kengele hailii kila nusu saa. Mwanafunzi hupewa muda mrefu, kama saa tatu, afanye kazi yake mpaka atosheke. Hata adabu hufundishwa kama somo, hatua kwa hatua, wala haidhaniwi ya kuwa mtoto ataiokota tu njiani. Montessori aliwahi kuwafundisha watoto wa San Lorenzo jinsi ya kupenga kamasi kwa utulivu, nao wakampigia makofi, kwa kuwa siku zote walikuwa wakikaripiwa kwa jambo hilo, na hakuna aliyepata kuwaonyesha. Tukasoma hayo tukamkumbuka yule kijana asiyetuamkia. Twadhani kila mtu huzaliwa na shikamoo mdomoni. Lakini wako wasioweza kuiokota hewani. Yawapasa waonyeshwe: mgeni akiingia, ngoja mpaka aketi, kisha sema hivi, kisha unaweza kurudi kwenye kazi yako.

Tena kuna somo la sehemu tatu, ambalo Montessori alilipokea kwa Séguin. Kwanza mwalimu hutaja: "Kitambaa hiki ni chekundu." Pili huomba: "Nipe kitambaa chekundu." Tatu huuliza: "Hiki ni cha rangi gani?" Mtoto akikosa katika sehemu ya pili au ya tatu, mwalimu hamsahihishi kwa ukali; hulifunga somo kwa amani, akalirudia siku nyingine. Ndugu walimu, tafadhali litazameni jambo hili vizuri. Sehemu ya pili haitaki kinywa. Yataka mkono tu. Mtu anaweza kujua kabisa katika sehemu ya pili, asiweze kamwe kufika ya tatu, kwa kuwa kinachokosekana si ujuzi, ni njia ya kuutoa. Na sisi katika Kipaimara twauliza sehemu ya tatu peke yake! Twamwambia kijana, "Maana yake nini?" na asipojibu twaandika sifuri.

Huko San Lorenzo, Montessori alimwona msichana mdogo aliyeingiza vipande vya mbao katika matundu yake, akavitoa, akaviingiza tena, zaidi ya mara 40, wala watoto wenzake walipoimba na kumzunguka hakuinua macho. Alipomaliza alikuwa kama mtu aliyeamka katika usingizi mzuri. Waganga wakiona kijana mwenye usonji akirudia jambo lile lile, huliandika kuwa dalili ya ugonjwa. Montessori aliliona akaliita mwanzo wa umakini. Ni nani mwenye haki? Hapa twakiri ya kuwa jibu si rahisi. Yako marudio ambayo ni gereza: kijana huzunguka, huzunguka, akichoka zaidi na kufadhaika zaidi. Na yako marudio ambayo ni kazi. Sisi tumejifunza kutazama kinachofuata. Akimaliza ametulia, na mkono wake watafuta jambo la pili, tumwache afanye. Mkulima naye hurudia jembe mara elfu katika shamba moja.

Lakini hayo ni ya watoto. Kijana wa miaka 15 si mtoto, na hapa ndipo wengi wakosapo. Humpa kijana mwenye ndevu vitu vya kuchezea vya mtoto wa miaka mitatu, kwa kuwa eti akili yake iko hapo, kisha hushangaa akivitupa. Montessori mwenyewe hakutaka hivyo. Katika kitabu chake juu ya ujana, kilichotolewa kwa Kifaransa mwaka 1948, alisema ya kuwa kijana wa miaka 12 hata 18 ni dhaifu kama mtoto aliyezaliwa juzi, maana azaliwa mara ya pili, sasa katika jamii ya watu wazima. Kwa hiyo asifungiwe darasani mchana kutwa. Akapendekeza shule ya shambani, aliyoiita kwa Kijerumani Erdkinder, yaani watoto wa ardhi: vijana wakae pamoja mashambani, walime, wafuge, wawe na nyumba ya kupokea wageni na duka la kuuza mazao yao, na katika kazi hizo wajifunze hesabu na sayansi na historia. Alitaka kijana ashike fedha aliyoipata kwa jasho lake, ajue ya kuwa dunia yamhitaji. Shule moja ya namna hiyo ilianzishwa mwaka 2000 kule Huntsburg, katika Ohio, Marekani.

Msomaji wa kwetu atacheka. "Hilo tu? Watoto wetu hulima tangu asubuhi!" Ni kweli, na twaweza kujivunia kidogo. Lakini tofauti iko. Jembe likitolewa kama adhabu kwa aliyeshindwa masomo, halimfundishi kijana ila aibu. Wazo la Montessori ni kwamba kazi ile ni masomo yenyewe, na ya kuwa mwenye akili nyingi na mwenye akili chache wote waihitaji.

Katika Ohio hiyo hiyo alikuwako mwalimu, Bibi Bettye Ruth Kay, aliyefundisha vijana wenye usonji mjini Toledo. Aliwaona wanafunzi wake wakikua, akajiuliza watakwenda wapi shule ikiisha. Akaitazama nyumba ya Somerset Court ya Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1974 kwa ajili ya watu wazima wenye usonji, na mwaka 1983 akaanzisha shamba liitwalo Bittersweet Farms. Hilo si la Montessori, wala hatutaki kuwachanganya wasomaji. Njia mbili hizi zilitoka katika visima viwili. Lakini zimekutana katika jambo moja tulionalo kuwa kubwa. Shambani watu hukaa bega kwa bega, hawaketi uso kwa uso. Mwenye usonji akilazimishwa kukutazama machoni na kuzungumza, hutaabika. Mpe upande mmoja wa kikapu, nawe shika upande wa pili, mkibebe mpaka ghalani, na tayari mmekuwa wawili.

Hata hivyo tusiimbe sifa tu. Ushahidi wa njia ya Montessori kwa vijana wenye usonji bado ni mchache. Ziko shule zake ambazo ni za matajiri, na vitu vyake huuzwa kwa bei ya kutisha, ingawa seremala wa kijiji aweza kutengeneza vingi. Uhuru wa kuchagua, ambao yeye aliusifu sana, humlemea kijana mwingine. Akiwekewa vitu ishirini hulia, akiwekewa viwili huchagua. Tena kuna neno alilolipenda, kwamba mtoto kwa njia ya kazi "hurudi katika hali ya kawaida." Alikuwa na maana njema, ya mtoto kutulia na kupenda kazi. Lakini masikioni mwa mzazi wa kijana mwenye usonji, neno hilo ni hatari. Hali ya kawaida ni ipi? Ya nani? Tukimfundisha kijana kuficha mikono yake isitikisike, kutazama macho yanayomwumiza, na kucheka wenzake wachekapo, ili tu sisi tusione haya mbele ya wageni, tumemfundisha nini isipokuwa uongo? Wako watu wazima wenye usonji waliosema ya kuwa waliishi hivyo miaka mingi, wakachoka hata kuugua.

Na mahali ambapo watu huanza kuuliza ni nani aliye wa kawaida, mwisho wake umekwisha kuonekana. Daktari Asperger tuliyemtaja aliwasifu baadhi ya vijana wake kwa akili zao, na kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa mtetezi wao. Mwaka 2018 mwana historia Herwig Czech alionyesha kwa hati za siku zile ya kuwa, wakati wa utawala wa Hitler, Asperger aliwapeleka baadhi ya watoto waliodhaniwa hawafai katika nyumba ya Am Spiegelgrund, ambamo watoto karibu 800 walikufa. Wenye kufaa wakasifiwa, na wasiofaa wakapelekwa kule.

Nasi Walutheri tusijifanye tu safi. Katika Mazungumzo ya Mezani, yaliyoandikwa na wageni wa Martin Luther, imesimuliwa habari ya mtoto wa Dessau mwenye miaka kama 12, aliyekula sana na kupiga kelele, na ya kuwa Luther alidhani si mtoto wa kweli bali kitu cha Shetani, akawashauri wakuu wa nchi atupwe mtoni. Wakuu wakakataa. Baadhi ya waandishi wa siku hizi wamekisia ya kuwa mtoto yule alikuwa na usonji au ulemavu mwingine. Sisi twabeba jina la mtu huyu, na Katekisimo yake twaifundisha kila juma kwa furaha. Kwa sababu hiyo hasa yatupasa kusema wazi ya kuwa katika jambo lile alikosa, na ya kuwa wale wakuu wasiojua theolojia waliona vema kuliko yeye.

Basi tukamwendea yule mama. Tulikwenda kwa miguu yetu, hatukumwita. Tukamwomba radhi, naye akatupa kiti.

Kule Roma tangu mwaka 1954 Bibi Sofia Cavalletti, mjuzi wa Kiebrania, pamoja na Gianna Gobbi, mwalimu wa njia ya Montessori, waliwafundisha watoto dini kwa vyombo vidogo vya altare na kondoo wa mbao. Tukalifuata wazo hilo, lakini kwa kuwa kijana wetu si mtoto, hatukutumia vidogo. Kwa miezi saba, kila Jumamosi saa ileile, tulimpokea kanisani penye utulivu, tukamwonyesha vyombo vyenyewe: bakuli la Ubatizo, kikombe, sahani ya mkate, Biblia, msalaba. Tulitaja. Kisha tukaomba: "Nionyeshe Ubatizo." Majuma mengi hakufanya neno. Jumamosi moja alitia mkono katika maji, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe, akaushikilia hapo muda mrefu. Tulipomwomba Chakula cha Bwana, alikileta kikombe na sahani pamoja, akaviweka sambamba kwa uangalifu ule ule wa vile vitabu. Tulipomwomba atuonyeshe ondoleo la dhambi, alitazama dirishani.

Mzee mmoja wa kanisa, tunayemheshimu sana, alituuliza: "Hii ni Kipaimara au ni huruma?" Ni swali la haki. Kipaimara chataka ungamo la mtu mwenyewe. Tukamjibu ya kuwa viziwi wetu huungama kwa mikono, wala hakuna aliyesema ni huruma. Akasema, "Kiziwi naweza kumwuliza tena kwa maneno mengine, naye akanijibu. Huyu je? Nitajuaje ya kuwa ungamo ni lake, si lenu mliolitia mkononi mwake?" Neno hili lilituchoma, kwa maana jambo kama hilo limepata kutokea. Katika miaka ya 1990 huko Marekani walikuwako wasaidizi walioshika mikono ya watu wasiosema, ili waandike kwa mashine, na maneno mazuri yakatoka, wazazi wakalia kwa furaha. Walipopimwa kwa uangalifu, ikaonekana maneno yalikuwa ya msaidizi. Hakukusudia kudanganya, alijidanganya. Upendo waweza kusema mahali pa mtu mpaka ukamnyang'anya hata kimya chake.

Kwa hiyo tuliamua hivi: tusiguse mkono wake, wala tusimwongoze kwa macho, wala tusifasiri zaidi ya alichofanya. Mwalimu mwingine, asiyemjua, aliombwa kuja kumwuliza, na vyombo vikabadilishwa nafasi. Kijana akafadhaika kwanza kwa sababu ya mabadiliko yale, akavirudisha vyote mahali pake pa zamani. Kisha, alipoulizwa, akaonyesha Ubatizo. Mzee akakaa kimya kidogo, akasema, "Haya, mwandike."

Siku ya Kipaimara cha wenzake hakuja kanisani, kwa kuwa tarumbeta humwumiza masikio. Tulimwekea mikono Jumamosi iliyofuata, saa ileile, mbele ya mama yake na wazee watatu. Sasa ana miaka 19. Kila Jumamosi alasiri huja kupanga nambari za tenzi za Jumapili katika ubao wa ukutani, naye hufuata karatasi tunayomwachia. Mwezi uliopita tulikosea, tukaandika wimbo ambao nambari yake haimo kitabuni. Ubao tuliukuta Jumapili una nafasi tupu mstari wa tatu, na karatasi yetu imekunjwa mara nne, imewekwa juu ya kiti chetu.